Hondohondo wa Mti wa 212

Tarehe 4 Oktoba

Wewe uliyelifungua daftari hili, kwanza lifunge. Kama umeshindwa, basi nakusihi neno la humu lisikutoke mdomoni, si kwa Mkuu wa kituo, si kwa walinzi, wala si kwa dada yangu. Ni daftari la ofisi, lilikuwa limeandikwa kurasa mbili tu, na kulichukua tu ni kosa. Lakini hofu nisipoiandika hainiachi, na leo ni siku yangu ya kwanza kazini.

Nimeajiriwa karani wa kituo cha msitu wa hifadhi, kwa majaribio, hadi mvua zitakapokwisha. Karani aliyenitangulia aliondolewa kabla majaribio yake hayajatimia. Hakuna aliyeniambia kwa nini, nami sikuthubutu kuuliza. Ofisi ni chumba kimoja chenye meza mbili, kabati la chuma lisilofunga sawasawa, na dirisha la wavu ambalo popo wadogo wamelala kwenye kizingiti chake cha juu. Msitu unaanza hatua arobaini kutoka hapo. Miti yote mikongwe ina kibati chenye namba, na kila namba ina ukurasa wake kwenye rejista. Kazi yangu ni rejista.

Namshukuru Mungu kwa kazi hii. Naomba tu nisiiharibu.

Tarehe 5 Oktoba

Nimepiga mhuri barua kumi na moja. Moja nimeipiga mhuri kichwa chini. Hakuna aliyeona.

Tarehe 9 Oktoba

Leo nimemjua mlinzi mwandamizi wa msitu. Ni mwanamke wa makamo, anavaa buti za kiume zinazompwaya na kuzijaza magazeti kwenye vidole, na kila mtu humwita Mama Buti. Aliingia na tope hadi magotini, akakalia kiti nilichokuwa nimemaliza kukipangusa. Akaniwekea daftari lake la porini mezani, limeandikwa kwa penseli, herufi zimelala kama nyasi zilizokanyagwa. Aliniambia nisome vizuri. Nikamjibu, kwa heshima, kwamba nimesoma hadi chuo.

“Najua, binti,” akasema. “Ndiyo maana nakwambia usome vizuri.”

Sikupenda alivyosema.

Nimeelezwa utaratibu. Kila msimu Mama Buti huzunguka msitu mzima na kuandika miti katika safu mbili. Safu ya Ikatwe ni ya miti iliyoinamia njia ya wageni, na ile ya kigeni iliyopandwa zamani ambayo sasa inaisonga ya asili. Safu ya Iachwe ni ya miti ambayo mtu angeona imefika mwisho, lakini bundi, popo na mende wa miti wanaitegemea. Karani hunakili orodha mara tatu: moja ya faili, moja ya Mkuu, na moja ya nyapara wa wakata miti. Rangi nyekundu haipakwi kwenye mti mpaka asubuhi ya kukatwa kwenyewe, kwa sababu miaka ya nyuma wezi wa mbao walikuwa wakipaka alama zao wenyewe na kusema ni za ofisi. Kwa hiyo hadi siku hiyo, kinachojua mti upi utaanguka ni karatasi yangu.

Tarehe 12 Oktoba

Nimemaliza orodha. Mama Buti ni mtu wa porini na si wa safu. Mti wa 212 ameuandika hivi: “umekauka nusu, una tundu, umeegemea njia”, halafu akautia kwenye Iachwe. Mingine mitatu yenye maelezo yale yale iko kwenye Ikatwe. Ni dhahiri mkono wake uliteleza. Nimeuhamisha. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nimehisi nina faida. Mkuu ametia sahihi nakala zote tatu bila kuinua macho.

Tarehe 13 Oktoba

Mvua ya kwanza. Jongoo wamejaa barazani.

Tarehe 20 Oktoba

Naishi kwa dada yangu na mumewe. Shemeji ni fundi wa redio na hana kazi nyingine jioni ila kunitania. Leo kanipokea mlangoni akiuliza, “Karani wa kuhesabu majani, umefika jani la ngapi?” Nikamwambia nimeambukizwa mafua na faili za unyevu. Akasema nijifukize kwa majani niliyokwisha kuyahesabu. Dada alicheka hadi akaweka sufuria chini. Nilicheka pia. Wananilisha, wananivumilia, wala hawajawahi kuniuliza nitaondoka lini.

Tarehe 27 Oktoba

Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi Mkuu alisema si vizuri karani aandike habari za miti asiyoijua, akamwagiza Mama Buti anitembeze. Mkuu ni mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Husema kila jambo mara moja tu, na ninapoitwa mezani kwake nasahau nilichotaka kusema. Nilifurahi kutoka.

Sikuwa nimejua kwamba msitu una vyumba. Unatoka kwenye giza lenye harufu ya uyoga, unaingia mahali ambapo mti mmoja umeanguka miaka mingi iliyopita na jua linashuka lote, na chini yake miche imejaa kama watoto wa shule mlangoni. Mama Buti hakuzungumza sana. Alinyoosha kidole: hapa paa amelala, hapa kima wamekula na kutupa maganda. Gogo lililooza alilipapasa akaniambia ndani ya hilo kuna wakazi wengi kuliko mji ninaokaa.

Kisha akanisimamisha nyuma ya kichaka na kuweka kidole mdomoni. Mbele yetu palikuwa na mti mnene ajabu, upande mmoja umekauka mweupe, mwingine bado una majani. Juu, mara nne ya urefu wa mtu, palikuwa na tundu lililozibwa kwa udongo, likabaki na ufa mwembamba tu. Tukangoja. Baadaye ukasikika uvumo wa mabawa kama mtu anayekung'uta shuka, akatua ndege mkubwa mweusi, mdomo kama panga. Ni hondohondo. Akatikisa shingo, tunda likapanda kutoka kooni, akalishika kwenye ncha ya mdomo na kulipitisha ufani. Kutoka ndani, ncha ya mdomo mwingine ikalipokea.

Mama Buti alininong'oneza kwamba aliye ndani ni jike. Huingia, akashirikiana na dume kuziba mlango kwa udongo, akakaa humo miezi mitatu na zaidi. Atataga, ataatamia, na manyoya ya mabawa yatapukutika hata akitaka kuruka asiweze. Dume asipokuja, watakufa njaa. Mti ukianguka, wamekwisha wote. Ndege hawa hurudi kwenye tundu lile lile mwaka hadi mwaka, naye Mama Buti ameuona mti huu ukitoa makinda misimu kumi na sita.

Nikashukuru kwamba nimeona jambo hili nikiwa hai. Ndipo nikatazama chini na kukiona kibati. 212.

Mama Buti aliniuliza mbona nimepauka. Nikamwambia sijazoea kutembea.

Tarehe 28 Oktoba

Mvua kutwa. Wakata miti hawaingii msituni mvua ikinyesha, ardhi huteleza. Namshukuru Mungu kwa mvua.

Tarehe 29 Oktoba

Mvua.

Tarehe 30 Oktoba

Nimesimama mbele ya meza ya Mkuu. Akauliza, “Ndiyo?” Nikasema wino umekwisha. Akanipa wino.

Tarehe 2 Novemba

Mvua. Mama Buti amenigawia ndizi zake mbili kwa kuwa nilisahau chakula. Nilizila nikiwa nimegeukia ukuta.

Tarehe 6 Novemba

Leo nimefanya jambo baya kuliko kosa lenyewe. Mkuu alipotoka kwenda kukagua uzio, nilifungua faili, nikatoa orodha, nikauandika upya ukurasa mzima na kuurudisha mti wa 212 mahali pake. Sahihi ya Mkuu ilikuwa ukurasa wa mwisho, kwa hiyo sikuigusa. Nikafanya hivyo hivyo kwa nakala yake. Kurasa za kwanza nilizichana vipande, nikavitia kwenye mfuko wa sketi. Vilikuwa vikinichoma kama makaa hadi nilipofika nyumbani.

Bado nakala ya nyapara. Nilidhani iko kwenye kabati. Haimo.

Tarehe 10 Novemba

Nyapara wa wakata miti amekuja kusalimia. Ni mfupi, mcheshi, ana kofia ya majani makavu. Orodha yake anayo, ameikunja ndani ya mfuko wa plastiki kifuani, alipewa na Mkuu siku ile ile iliposainiwa. Nilimwomba niione kidogo. Akasema yeye karatasi yenye sahihi haiachii, aliwahi kuiacha akaambiwa amekata mti wa watu. Wakipata siku mbili za jua wataanzia kijitoni na kupanda juu. Nikahesabu: 212 ni wa nne.

Ningeweza kusema hapo hapo. Nikamtakia kazi njema.

Tarehe 11 Novemba

Mvua. Ahsante.

Tarehe 12 Novemba

Mvua. Ahsante. Redio ya mawasiliano na walinzi imekufa. Waya umeliwa na panya-buku.

Tarehe 14 Novemba

Mvua, lakini nyepesi. Shemeji analalamika kwamba nguo hazikauki. Nilimwambia aache kuilaani mvua. Akanitazama, kisha akauliza polepole kama kuna mtu ananisumbua kazini. Nikasema hapana. Mimi ndiye ninayesumbua, ila hilo sikulisema.

Tarehe 16 Novemba

Mawingu. Hakuna tone.

Tarehe 17 Novemba

Jua.

Tarehe 18 Novemba

Jua tena. Nitaandika yote, hata yale ya aibu.

Nilifika ofisini nikiwa nimeazimia kumwambia Mkuu kila kitu. Mezani kwake palikuwa na kikaratasi: ameitwa mkutanoni mjini, atarudi kesho. Nikapiga simu yake, imezimwa. Mama Buti alikuwa kwenye mpaka wa mbali wa msitu tangu jana. Nikiwa bado nimeshika simu, nikasikia msumeno wa mashine upande wa kijito. Sauti ile ilipanda, ikakwama, ikapanda tena. Kisha kishindo, hadi kioo cha picha ukutani kikatikisika. Mmoja.

Nilikaa. Nakiri kwamba nilikaa. Nilijiambia karani haruhusiwi kuacha ofisi tupu, na ni kweli, sheria iko ukutani. Nilijiambia pia kwamba mti ukianguka hakuna atakayejua ni mimi, maana faili sasa linaonyesha sikukosea. Lawama itamwangukia nyapara. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya tarehe 6. Nilikuwa nimemtegea mtu mwingine shimo, na nilikuwa nimelifunika vizuri kwa majani.

Kishindo cha pili kilinikuta mlangoni. Nilikimbia na viatu vya ofisi. Kimoja kilibaki kwenye tope, nikauachia msitu. Cha tatu nilikisikia nikiwa njiani.

Nilipofika, 212 ulikuwa tayari na mstari mwekundu, rangi bado inachuruzika. Wanaume watano walikuwa wakisafisha vichaka shinani, na nyapara alikuwa anatia mafuta kwenye msumeno. Nikaenda nikaegemea mti mgongo wote, rangi ikanishika blauzi.

Nyapara akaniuliza kwa upole kama nimeumwa na nyuki. Nikamwambia mti huu usikatwe, umeandikwa kwa kosa. Akatoa mfuko wake wa plastiki, akakunjua karatasi, akaweka kidole kwenye namba na kingine kwenye sahihi.

“Mwanangu, mimi sikati kwa moyo wangu. Nakata kwa karatasi.”

“Karatasi hiyo nimeiandika mimi,” nikasema. “Mama Buti aliandika uachwe. Mimi nikajifanya najua kuliko yeye. Ndani kuna ndege amejifungia na mayai, au makinda, sijui. Hawezi kuruka.”

Nilikuwa nimesema. Sikuamini sauti ni yangu. Mmoja wa wanaume akacheka, akasema ndege gani anayejijengea jela mwenyewe, labda anamkimbia mkewe. Mwingine akamjibu kwamba aliye ndani ndiye mke, na kama wake wote wangekaa ndani wakaletewa chakula, mkewe angehamia leo. Wakacheka wote. Nyapara hakucheka. Alisema kuwa tundu lililozibwa kwa udongo hata nyigu huziba, kwamba kazi ya siku ni miti sita, na kwamba neno la karani haliwezi kufuta sahihi ya Mkuu. Yote yalikuwa kweli. Nikamwomba angoje dume aje na chakula, aone kwa macho yake. Akasema atangoja hadi wamalize kunywa chai.

Wakanywa chai. Dume hakuja. Kelele za msumeno zilikuwa zimemfukuza, na nani angemlaumu. Nilitazama chupa ya chai ikiinamishwa, kikombe kwa kikombe. Nilisali sala isiyo na maneno. Kikombe cha mwisho kikageuzwa kukung'utwa makapi.

Nyapara akasimama, akaniambia nisimkasirikie. Lakini ni mtu mwangalifu, na kabla ya kuwasha mashine alisogea chini ya tundu, akavua kofia na kuinua uso aone mti utalalia wapi. Ufani pakachungulia kitu cheupe, mara moja, kama mkia wa manyoya uliogeuzwa. Kikatoka kinyesi kwa kasi ya ajabu, kilichochanganyika na mbegu, kikamtua kwenye paji la uso.

Nyapara alijifuta kwa kiganja, akakitazama kiganja, akachambua mbegu moja kwa kidole gumba.

“Mti mkavu haunyi,” akasema.

Akauweka msumeno chini, akakipangusa kiganja kwa kitambaa. Wenzake walikuwa wameanguka kwenye nyasi kwa kicheko, mmoja ameshika mbavu. Mimi nilikuwa nalia. Nyapara alinipa kitambaa, kisha akakumbuka alichokipangusia, akakirudisha mfukoni. Akachukua penseli na kuandika pembeni mwa namba 212 kwenye orodha yake: “Kuna mtu ndani.” Akaniambia kesho nimpeleke mwenyewe kwa Mkuu, tusimame wote wawili.

Mungu ampe mtu yule maisha marefu.

Tarehe 19 Novemba

Tumesimama wote wawili. Nilieleza kosa, kisha nikaeleza la faili, ambalo nyapara hakulijua. Aliposikia, alinigeukia akanitazama kwa muda mrefu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nikaweka mezani vipande vya orodha ya kwanza; sikuwa nimeweza kuvitupa.

Mkuu alivipanga kama mtu anayecheza karata. Kisha akasema kwamba karani aliyenitangulia alikosea mara moja tu, akaficha, na mti wenye mzinga wa nyuki wa miaka mingi ukaenda. Akafukuzwa kwa kuficha. Nikafumba macho.

“Wewe umeficha, kisha umefichua,” akasema. “Na mimi nimetia sahihi bila kusoma. Tutaandika barua mbili za onyo. Yako nitaiandika mimi. Yangu utaiandika wewe, nami nitaisoma kabla ya kusaini.”

Zimeandikwa. Ziko kwenye faili, moja juu ya nyingine. Majaribio yangu yameongezwa msimu mmoja. Nilikuwa nikimwogopa mtu huyu tangu siku ya kwanza, kumbe nilikuwa sijamtazama.

Tarehe 20 Novemba

Mama Buti amerudi, amesikia. Hajanisemesha.

Tarehe 21 Novemba

Hajanisemesha. Mvua.

Tarehe 22 Novemba

Amenipita mlangoni. Buti zake zilisema kwa niaba yake.

Tarehe 24 Novemba

Asubuhi nimekuta kiatu changu kimeoshwa, kimewekwa juu ya meza. Mama Buti alikuwa amesimama na brashi mbili za waya. Tukaenda kwenye 212, tukakwangua rangi kutoka kwenye gome, taratibu, tusimtishe aliye ndani. Kazi ya saa tatu. Karibu na mwisho akasema, bila kunitazama, kwamba ile miti mitatu mingine yenye tundu aliyoiandika Ikatwe alikuwa ameichunguza mmoja mmoja, amepanda ngazi, ametia mkono. Mitupu. Daftari lake halina nafasi ya kuandika yote hayo.

“Ungeniuliza, mwanangu. Mimi sing'ati.”

“Niliona aibu kuuliza, mama.”

“Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja,” akasema, akanipokonya brashi, maana nilikuwa nakwangua gome zima.

Dume alikuja mara mbili tukiwa hapo. Alituzoea haraka kuliko tulivyostahili.

Tarehe 3 Desemba

Mkuu ameagiza tundu liangaliwe kila asubuhi na iandikwe saa na idadi ya matunda. Ameniagiza mimi. Leo ziara saba.

Tarehe 11 Desemba

Ziara tisa. Sauti ndogo imesikika kutoka ndani, kama mlango usiotiwa mafuta. Mama Buti alinishika mkono akanifinya hadi nikaumia.

Tarehe 19 Desemba

Wiki iliyopita niliwaambia dada na shemeji kila kitu. Dada alilia kidogo. Shemeji aliomba nirudie pale nyapara alipovua kofia. Nilirudia mara tatu. Tangu hapo hanitanii tena majani, kila jioni anauliza, “Wa ndani hajambo?” Nami nampa hesabu.

Tarehe 8 Januari

Mvua ya ghafla. Ziara nne tu. Nina wasiwasi.

Tarehe 9 Januari

Kumi na mbili. Mkate wangu sikuweza kuumaliza kwa furaha.

Tarehe 26 Januari

Wametoka. Udongo ulianza kuvunjwa kwa ndani alfajiri. Tulikuwa watatu nyuma ya kichaka, Mama Buti, mimi, na Mkuu aliyekuja na viatu vya ofisi. Mdomo ulitokeza, ukachonga, ukapumzika. Kufikia saa nne jike alijisukuma nje, akakaa kwenye tawi, manyoya yamekunjamana kama nguo zilizokaa sandukuni. Aliyanyoosha moja moja. Saa saba kinda likafuata. Lilitazama dunia, likaona ni kubwa, likarudi ndani. Mama yake akaita. Likatoka tena. Liliruka hadi mti wa jirani, likatua vibaya, likashika.

Mkuu aliuliza imeandikwa saa ngapi. Nikamwonyesha. Alisoma mstari wote kabla ya kutia sahihi.

Tarehe 2 Februari

Mvua zimekwisha. Nimeomba, na nimekubaliwa, kuhamia kibanda cha juu, cha walinzi, nitembee na Mama Buti na kujifunza kuandika daftari la porini. Jumatatu anakuja karani mpya. Naambiwa ana alama nzuri sana za chuo.

Karani mwenzangu, kama ni wewe uliyelifungua, nimekuachia daftari hili kwenye droo ya chini kwa makusudi. Bado naomba ukae nalo kimya. Utaletewa orodha, na siku moja utaona mstari ulioandikwa vibaya, na moyo utakwambia urekebishe. Siku hiyo nitafute. Redio ya ofisi imeshatengenezwa, na ya kibanda cha juu inapokewa kuanzia saa moja hadi saa mbili asubuhi. Sema tu “karani”, nitajibu. Ikiwa imekufa, toka kwa mlango wa nyuma, fuata njia ya wageni hadi inapogawanyika, shika ya kushoto, na kwenye daraja la magogo ukae usubiri. Napita hapo kila siku kabla ya saa sita. Vaa viatu vya kufunga. Ofisi utaiacha tupu, lakini nimeshazungumza na Mkuu, anajua, ameruhusu. Njoo hata kama ni kwa ajili ya namba moja.